Siku Moja Maishani Mwangu: Kipande cha Ngozi Ndani ya Fomalini

Saa 1:30 asubuhi huwa nimeshaanza kukagua visahani vya kuoteshea kuvu, maana nyingine huchomoza ndani ya siku mbili na nyingine hungojewa hadi wiki nne. Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni fangasi wa ngozi hudhani nashinda na mapunye na choa, kumbe sampuli zinazonifikia hutoka kwa wagonjwa wa saratani ya damu na waliopandikizwa figo, ambao kinga yao imeshuka kiasi kwamba kuvu ya udongoni hupenya kwenye mkwaruzo mdogo na kufika hadi kwenye damu.

Saa 3 hadi saa 5 nilisoma slaidi.

Saa 5:20 kililetwa kipande cha ngozi cha mgonjwa wa kemotherapi aliyetokwa na vidonda vyeusi mguuni, nacho kilikuwa kinaelea ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Fomalini inawafaa wenzetu wa patholojia, wanaochunguza nyama yenyewe kwa hadubini, lakini huua kuvu, na kilichokufa hakioti. Nilipiga simu wodini, nikapokezwa watu watatu kabla ya kumpata daktari.

“Kipimo kimeandikwa, kifanye tu,” alisema.

“Daktari, nyuzi za kuvu zitaonekana, ila kuvu aina ya aspajilasi na aina ya fusariamu hufanana mno ndani ya nyama, na fusariamu hukaidi dawa nyingi. Naomba kipande kingine, ndani ya maji ya chumvi ya salaini.”

Alinikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba chembe za kugandisha damu za mgonjwa zilikuwa chache na kila mkato ni hatari. Tulibishana, akakata simu, kisha akapiga mwenyewe kukubali, kwa sharti kwamba mgonjwa aongezewe chembe hizo kwanza. Nikangoja. Mchana ulipita hivyo, chakula nikakisahau.

Kipande kilifika wenzangu wakivua makoti. Nilikikatakata bila kukisaga, kwa sababu nyuzi za kuvu za mukomaikosisi, ugonjwa mkali wa kuvu unaoua nyama ya mwili, zikipondwa hufa, nikakipanda na kukiweka kwenye joto la digrii 30. Kipande kidogo nilikitia potasiamu haidroksaidi, inayolainisha nyama ili kuvu ionekane, na giza lilipoingia niliona kwenye hadubini nyuzi nyembamba zenye vizuizi ndani yake, ambavyo nyuzi za mukomaikosisi huwa navyo kwa nadra.

“Haielekei kuwa mukomaikosisi, Daktari. Jina kamili nitakupa ikiota.”

“Lini?”

“Nitaanza kuangalia kesho saa 1:30.”