Majina Msiandike

Mwaka 2015, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, niliingia mradi wa ramani uitwao Ramani Huria. Kazi yetu ilikuwa kuchora kata za Dar es Salaam zinazozama mvua zikikolea: nyumba, vichochoro, visima, na mitaro hasa. Kila tulichochora kiliingia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha na kuitumia. Leseni za programu za kompyuta hatukununua hata moja. JOSM tuliyochorea ni ya bure, QGIS ya kuchambulia ramani vilevile. InaSAFE, inayokadiria mafuriko yatagusa nyumba ngapi, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya majanga ya Indonesia. Sisi tukaitumia kwa mafuriko ya Dar.

Siku moja tulipangiwa mtaa ulio kando ya mto Ng'ombe. Mjumbe wa shina alikuwa mama wa makamo, tukamkuta kibarazani anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nyie ni wa chanjo au wa rangi nyekundu?"

Wakazi wa mabondeni wanaijua rangi hiyo. Ukiamka ukakuta alama ya X ukutani, anza kutafuta pa kuhamia.

Nikamwaga yote niliyofundishwa: kwamba ramani hii haina mwenyewe, haiuzwi, hata yeye akitaka ni yake. Nilikuwa naisema hotuba ile kwa mbwembwe, maana mpaka siku hiyo haikuwahi kupingwa.

"Kwa hiyo na wale wa rangi wataiona?"

Mwenzangu akajifanya anatengeneza GPS.

"Wataiona, mama."

Nilidhani ametufukuza. Sisi wa programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, tunapenda kusifu ukarimu wetu, lakini nyumba iliyochorwa ni ya mtu mwingine. Ingawa hata ramani ya kulipia isingemkinga: wenye rangi wangelipa, asiyeweza kulipa angekuwa yeye.

Akakung'uta khanga, akaingiza mchicha ndani, akarudi na masharti. "Majina ya wenye nyumba msiandike. Nani mpangaji wa nani, msiandike. Mitaro andikeni yote, hata iliyoziba."

Majina ya wakazi hatukuwa tunayaandika hata kidogo, lakini niliitikia kama vile ndiyo kwanza nakubaliana naye.

Akatutembeza mpaka adhuhuri. Kwenye ukuta wake alituonyesha mstari wa tope la Desemba 2011, mafuriko yaliyoua makumi ya watu jijini. Mwenzangu akaupima kwa futi kamba, ukafika usawa wa dirisha. Picha za setilaiti zisingetuambia hilo, wala kwamba mtaro tuliouchora ukiishia uwanjani kumbe unaendelea chini ya genge la nyanya. Mwenye genge akatoka analalamika, anauliza nani katuruhusu kupima biashara yake.

"Hili genge lako ndilo linaloturudishia maji ndani," mama akamjibu. Kisha akanigeukia. "Pima, mwanangu."