Siku moja chini ya mlima Arunachala

Basi la Tiruvannamalai liliondoka Chennai, kusini mwa India, kabla ya alfajiri. Nilikaa dirishani na mkoba wa mama mapajani: khanga zake mbili, dawa zilizobaki, miwani. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tangu nimshushe kaburini pamoja na Waislamu wa Kitamil nisiowajua majina, waliokuja kwa kusikia tu kuna maiti ya mgeni. Kwetu Pangani matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Mimi nilikuwa bado nasubiri tarehe ya tiketi.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyenihimiza niende nikauone mlima, baada ya kuona sahani zangu zinarudi jikoni kama zilivyokuja. Sikwenda kutafuta dini, ninayo. Nilikwenda kwa sababu chumba kile kilikuwa na vitanda viwili.

Ni kilomita 190 hivi. Mlima wenyewe si mrefu, mita 800 na kidogo, ila umesimama peke yake. Chini yake kuna mji wa Tiruvannamalai na hekalu kubwa la Shiva, mungu wa Wahindu, lenye mnara wa ghorofa kumi na moja. Viatu huachwa nje, na jua lilikuwa limeshapasha mawe, sikukaa.

Nilikaa kwenye ashram, makao ya ibada na tafakuri, ya Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa Kihindu, mwendo mfupi kutoka hapo. Tausi wanapiga kelele juu ya paa, tumbili wanavizia ndizi zako. Kuna hata makaburi ya wanyama: ng'ombe aliyeitwa Lakshmi, paa, mbwa, kunguru. Hapo ndipo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliponiona na mkoba wa kike akauliza ni wa nani. Nikamwambia.

Akanisimulia habari za Ramana, mwenye mahali pale. Mwaka 1896, mjini Madurai, kijana wa miaka 16 alishikwa ghafla na hofu ya kufa. Badala ya kukimbia akalala chini, akajikaza kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukichomwa, mimi ndiyo nimekwisha? Wiki chache baadaye alitoroka kwao, akaja hapa, hakuondoka tena hadi alipofariki mwaka 1950. Mama yake alimfuata, akamlilia siku nyingi arudi. Kijana kimya. Mwishowe akamwandikia kwenye karatasi kwamba lililoandikwa litakuwa.

"Hapo mimi simpendi," nilimwambia mzee.

"Ngoja kwanza, thambi." Ndivyo Watamil wanavyomwita mdogo wao.

Mwaka 1916 mama alihamia kwa mwanawe huko mlimani. Tarehe 19 Mei 1922, akikata roho, mwana alikaa naye, mkono mmoja kichwani, mwingine kifuani, mpaka pumzi ikaisha. Hawakumchoma. Walimzika chini ya mlima, kama wanavyozikwa wale wanaoaminiwa kuwa wamefunguka kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mwana akawa anashuka kila mara kwenda kaburini, hadi siku moja asipande tena. Jiko, zizi, ukumbi, vyote nilivyokuwa naviona vimeota kulizunguka kaburi hilo.

Nikauliza kama kujijua huko alikofundisha Ramana kunaondoa huzuni. Akanipa kisa cha Narada, kutoka Chandogya Upanishad, andiko la kale la Wahindu: msomi wa Veda, vitabu vyao vitakatifu, hesabu na elimu ya nyota, aliyemwendea Sanatkumara akakiri kwamba amesoma yote hayo na bado ana huzuni. Nimesikia ajijuaye huivuka huzuni, alisema, nivushe.

Neno hilo lilinirudisha kwenye pantoni yetu. Mama alivuka mara ngapi kwenda Bweni, na mto ukabaki palepale na maji yake.

Wanavyofundisha, ukisema "nina huzuni", mtafute huyo anayesema. Niliingia kwenye ukumbi wa zamani, nikafumba macho. Wa kwanza kumkuta alikuwa mtu mwenye hasira: mimi ndiye niliyemshikilia mama asafiri, naye alitaka kubaki nyumbani. Kumbe siku zote nilidhani namlilia yeye tu. Chini ya hasira ile palikuwa na kitu kingine, kinachonitazama nikilia na chenyewe hakilii. Dakika moja labda, kikapotea. Wao wanasema hicho ndicho atman, nafsi ya ndani kabisa, tena ni kimoja na Mungu. Hapo tunaachana, mimi nimefundishwa kwamba roho ni katika amri ya Mola, na yatosha. Lakini nilikiona.

Wakati wa chakula tulikaa sakafuni, wali na mchuzi wa dengu juu ya jani. Simu ikalia, shangazi kutoka Pangani, na swali lake la kila siku.

"Umekula, baba?"

Siku kumi na moja nilikuwa namdanganya. Nikatazama jani langu. Lilikuwa tupu, na mgawaji alikuwa anarudi na ndoo.

"Naongezwa, shangazi."