Kosa la "I did not went" lilikotoka

Kosa langu la zamani kabisa la Kiingereza ninaloweza kulikumbuka neno kwa neno ni hili: "I did not went." Niliandika hivyo kwenye insha, mwalimu akazungushia "went" duara jekundu, basi. Hakueleza kitu. Niliona nimeonewa, maana jambo lenyewe lilitokea jana. Ningeacheje kuweka wakati uliopita?

Nilikuja kuelewa nilipoanza kushika kalamu nyekundu mimi mwenyewe, kosa lilelile likinijia daftari baada ya daftari. Kiswahili kimetuzoesha kugawana mzigo. Katika "walikuwa wanacheza", vitenzi vyote viwili vina wa- ya nafsi, na kila kimoja kina alama yake ya wakati, -li- huku na -na- kule. Kiingereza hakigawi. Wakati hukaa kwenye kitenzi cha kwanza peke yake. "Did" ikishaubeba, "go" inabaki kavu: "I did not go." Hata ile "s" ya "knows" huhamia kwenye kisaidizi: "She does not know."

Na "do" hiyo haina hata maana ya kufanya. Imeletwa kusaidia tu, hasa kukanusha na kuuliza. Enzi za Shakespeare watu waliweza bado kusema "I know not" bila kuihitaji.

Ninachopenda zaidi kufundisha ni msururu wa vitenzi. Naandika ubaoni "She must have been crying", kisha naufunika kwa kiganja na kufunua neno mojamoja. "Must" inataka kinachofuata kiwe kitupu, ndiyo maana ni "have", si "has", ingawa mtendaji ni "she". "Have" nayo inadai "been". "Been" inadai "crying". Kila kitenzi kinaamua umbo la jirani yake wa kulia, wala hakimgusi wa mbali. Mwanafunzi akiliona hilo, haandiki tena "she can sings".

Juzi mmoja akaniuliza: mbona "Where did he go?" ina "did", lakini "Who went?" haina? Swali zuri mno! Katika "Who went?", "who" ndiyo kiima, na tayari imekaa mahali pake mbele ya kitenzi. Hakuna cha kupindua, kama "did" inavyotangulia "he" katika swali la kwanza; hapa "did" haina kazi, na "went" inabeba wakati wake yenyewe.