Fimbo ya mita moja, Tanga na Trabzon

Ukitaka darasa lako lishirikiane na darasa la nchi nyingine, usianze na video. Watoto watapungiana mikono, watatajiana majina, halafu kimya, na kifurushi cha intaneti kimekwisha. Kinachounganisha madarasa ni kazi ambayo hakuna upande unaoweza kuimaliza peke yake.

Mimi nafundisha hisabati sekondari hapa Tanga. Kazi niliyochagua ni ya Eratosthenes, aliyekadiria mzingo wa dunia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwa kulinganisha jua la adhuhuri la Aleksandria na la Aswan, miji miwili ya Misri. Nilihitaji shule iliyo karibu na mstari wetu wa longitudo, nyuzi 39 mashariki, lakini mbali sana kaskazini. Ukiupandisha mstari huo kwenye ramani unatokea Trabzon, Uturuki, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Mwalimu wa huko nilimpata kupitia iEARN, mtandao wa shule ulioanza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za Moscow na za jimbo la New York. Bahati nzuri, saa za Uturuki na zetu ni zilezile.

Vifaa: fimbo ya mita moja, timazi ya fundi mwashi ya kuhakikisha imesimama wima, rula, na simu yangu. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu, kwa hiyo kila kitu kilipita WhatsApp yangu: picha ya kivuli, urefu wake, na upande kilikoelekea. Picha na maandishi hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Kiingereza si lugha ya nyumbani kwetu wala kwao, na hilo liliwaondolea watoto woga.

Tulipatana kupima wiki nzima mwishoni mwa Septemba, kwa sababu Trabzon mawingu ni ya kawaida. Kinachotakiwa ni siku moja tu ambayo pande zote mbili zina jua. Muda wa kuanza hatukuhangaika nao: adhuhuri huingia jua likishapinduka, na ratiba ya swala ipo Tanga na ipo Trabzon. Kwetu ilikuwa kama saa sita na robo.

Kila upande ulikuwa na shida yake. Kivuli chetu kilikuwa kifupi mno, sentimita 8, kiasi kwamba ukikosea nusu sentimita tu umeshaharibu pembe. Tena kilikuwa kinahama upesi, ukiinama kuandika unakuta kimeshasogea. Chao kilikuwa sentimita 88.5, lakini karibu na adhuhuri kilibadilika polepole hata wakashindwa kukubaliana ni dakika gani kilikuwa kifupi kuliko zote.

Kwa tanjenti (urefu wa kivuli ukigawanywa kwa urefu wa fimbo) tulipata pembe ya jua kutoka utosini: nyuzi 4.6 kwetu na 41.5 kwao. Umbali kati yetu, kwa uzi juu ya tufe la mfano wa dunia, kilomita 5,100. (Mjuzi atasema tufe limeshajua ukubwa wa dunia. Ni kweli, lakini kwenda Trabzon kwa miguu nani angeniruhusu?)

Darasa langu likatoa pembe ndogo kwenye kubwa, likaangalia jibu ni sehemu gani ya nyuzi 360 za duara zima. Dunia ikawa na mzingo wa kilomita 49,800 hivi. Tukaanza kutafuta kosa, na binti mmoja akainua picha ya Trabzon: "Mwalimu, hawa dira yao mbovu. Kivuli chao kimeelekea kaskazini." Wakati huohuo ukaingia ujumbe kutoka Trabzon ukiuliza kama dira yetu ni nzima, maana kivuli chetu kimeelekea kusini.

Niliwaacha wabishane kwa ujumbe, mimi kazi yangu ikawa kupiga chapa tu. Jibu lilitoka Trabzon kwa mchoro wa kalamu: jua liko katikati yetu, sisi tunaliona upande wa kaskazini, wao upande wa kusini, kwa hiyo pembe zinajumlishwa. 4.6 na 41.5 ni 46.1. Gawanya 360 kwa hiyo, zidisha kwa 5,100: kilomita 39,826. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kama kilomita 40,000. Kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu wa zamu.

Tutapima tena mwishoni mwa Novemba, kabla hatujafunga shule. Wakati huo jua litakuwa limevuka kwenda kusini kwetu, na vivuli vyote viwili vitaelekea kaskazini. Binti wa dira ameshawaandikia Trabzon kwamba safari hii ni kutoa.