Kuigawa 4294967297 kwa mkono: nilipofika

Mradi wangu ni huu: namba moja, kalamu, na daftari la mistari. 4294967297 ni 2 kipeo cha 32, ukaongeza 1. Mwanahisabati Fermat alichukua 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara, akaziona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote tasa, akaamini na hii inayofuata ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonesha kuwa inagawanyika. Inagawanyika kwa namba gani, sikutaka kuchungulia. Nilitaka nikitafute kigawo mwenyewe, hapa hapa Wete.

Kikokotoo cha dukani kilinishinda siku ya kwanza. Kina nafasi ya tarakimu 8, na huyu bibi ana 10.

Njia ya mkato ni ya Euler: kigawo tasa chake chochote, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa hiyo badala ya kuanza na 3, 5, 7, unaanza na 193. Baki 109. Ya 257 haihitaji hata kalamu, baki 2. Ya 449, 325. Ya 577, 288. Ya 641, nikaandika 359, nikapita. Nikagawa kwa 769, 1153, 1217. Wapi! Wiki mbili zikaondoka.

Juzi tunachambua karafuu, ami akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza.

“Hiyo hesabu umeirudia?”

“Bado, ami.”

“Miye pishi napima mara mbili na bado wachumaji wananinung'unikia. Rudia, mwanangu.”

Nikarudi kwenye 641. Kosa lilikuwa mstari wa tatu: 2672 kutoa 2564, nimeandika 118. Ni 108! Nikashusha 9, ikawa 1089. Nikatoa 641, ikabaki 448. Nikashusha 7 ya mwisho, ikawa 4487, ambayo ni 641 mara 7 kamili. Sufuri. Jibu 6700417.

Nimeipenda hii 641. Ni 640 na 1, na pia ni 625 na 16. 640 ni 5 mara 2 kipeo cha 7, na ukiipandisha kipeo cha 4 kisha ukagawa kwa 641, baki ni 1. Ndani yake mna 625, yaani 5 kipeo cha 4, mara 2 kipeo cha 28; na kwa 641 hiyo 625 ni sawa na hasi 16. Ibadilishe, unapata hasi 2 kipeo cha 32 inabakisha 1. Yaani namba yetu haibakishi kitu, na hujagawa hata mara moja.

Je, 6700417 yenyewe ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, kwa hiyo inatosha kujaribu vigawo vya chini ya hapo, na mwanahisabati Lucas mwaka 1878 aliibana kanuni zaidi: badala ya 64, weka 128. Zinazosalia ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 tu. Tatu kati ya hizo zilishakataa kuigawa namba kubwa, kwa hiyo zile wiki mbili zimenifaa kidogo. 641 kwa mara ya pili: baki 44.

Jana usiku, kwa taa ya simu maana umeme ulikatika, 1409: baki 622. Leo asubuhi tena, ukurasa mpya: 622.