Dereva aliyerudi kwenye mayai

Leo alfajiri, nikisubiri tanuri lishike moto, nimekutana na video ya ajali ya mbio za magari za Formula One, mwaka 1999, kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani. Nimeirudia mara nne.

Mzunguko wa kwanza kabisa, gari la timu ya Sauber linabiringika. Chuma kinachokinga kichwa cha dereva kinakatika. Gari limelala kifudifudi kwenye nyasi.

Jamani, moyo ulinipasuka.

Dereva alikuwa Pedro Diniz wa Brazili. Alipona.

Babu yake, mhamiaji kutoka Ureno, alifungua duka la vitu vitamu São Paulo mwaka 1948, akaliita Pão de Açúcar. Likakua mpaka likawa supamaketi kila kona. Mjukuu angeweza kukaa ofisini akahesabu mali. Akaenda Formula One, 1995 hadi 2000, akaambulia pointi 10. Kwangu mimi si haba hata kidogo.

Kisha akageukia shamba, Fazenda da Toca. Kilimo bila kemikali, na kuku wa mayai.

Mayai!

Nami nilikuwa na trei mkononi, nayapasua ya mkate wa mayai wa bibi, moja moja, nikilinusa kila moja kama alivyonifundisha.

Miaka sita niliendesha lori Dar hadi Tunduma. Huu ni mwezi wa tatu tangu nirudi kwenye tanuri la nyumbani. Kuna asubuhi mguu wa kulia bado unatafuta mafuta.

Ndugu zangu mliowahi kuiacha kazi ya kwenu mkairudia, siku za mwanzo mlizipitaje? Niandikieni, nasoma zote.