Kisu cha Kupaa Samaki

Mapema mwaka wa 2014, nikingoja matokeo ya kidato cha nne, nilimsaidia shangazi kuuza samaki Kisumu. Alfajiri tulishuka Dunga kupokea ngege na mbuta, jioni tukarudi Nyalenda kwa miguu. Siku hiyo ndoo zilijaa, basi kisu cha kupaa samaki nikakifunga kwa kitambaa na kukichomeka kiunoni, chini ya leso. Mpini ukajitokeza.

Polisi wawili, wanaume, walitusimamisha Ring Road giza likiingia.

“Umebeba nini hapo?”

Nilibabaika, nikakosa jibu. Yule mrefu akaupeleka mkono kiunoni pangu. Shangazi akatua ndoo, akaingia kati.

“Afande, tafadhali. Mwanamke hukaguliwa na mwanamke. Kama ni kisu, atakitoa mwenyewe.”

Hakupaza sauti. Mkono ukarudi.

“Kitoe basi. Polepole.”

Nikakiweka chini, magamba yangali yameng'ang'ania mpini. Mwenzake akakigeuza kwa ncha ya kiatu, akachungulia ndoo, akasema twende.

Nilidhani ni ujasiri wa shangazi tu. Miaka baadaye, nikisomea sheria, nikayakuta maneno yake katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai: mwanamke akaguliwe na mwanamke mwingine, tena kwa staha. Tulisoma pia kesi ya Terry dhidi ya Ohio, iliyoamuliwa Marekani mwaka wa 1968. Mpelelezi mjini Cleveland aliwaona wanaume wakipita na kurudi mbele ya duka, wakichungulia dirishani kila mara. Akawapapasa juu ya nguo, akapata bastola mbili. Majaji wanane kati ya tisa walimkubalia, ila kwa sharti: polisi awe na jambo aliloliona na analoweza kulitaja, asiongozwe na hisia tupu, na mkono wake utafute silaha tu.

Kwa hiyo kusimamishwa sikulalamikii. Mpini ulionekana, na mimi nilinyamaza. Ni ule mkono ambao sijausamehe.

Nilimwuliza shangazi, aliyeishia darasa la tano, alijulia wapi. Akaniambia kuna mwenzao sokoni aliyewahi kupapaswa barabarani mbele ya watoto wake. Alikwenda kuuliza kama sheria inaruhusu, na aliporudi aliwaambia wote, meza kwa meza.